Riwaya ya 1947 Inayouliza Swali Tunaloogopa

Wasee, kuna kitabu kinaitwa In a Lonely Place. Kilitoka 1947, na aliyekiandika ni mwanamke Mmarekani, Dorothy B. Hughes.

Stori iko Los Angeles, Vita vya Pili vya Dunia vimeisha juzi tu. Dix Steele alikuwa rubani. Vitani aliheshimiwa, sasa amerudi, hana kazi, anaishi kwa pesa za mjomba. Nyumba anayolala ni ya mtu mwingine, gari ni la huyo mtu, hata nguo. Ukimuuliza anafanya nini, anakwambia anaandika riwaya ya upelelezi. Kumbe usiku ananyonga wanawake.

Tulia, sijakuharibia utamu. Hughes anakuweka ndani ya kichwa cha Dix mapema kabisa, usiku wa ukungu, akimfuata msichana aliyeshuka basi. Kinachokushika roho ni kungoja watu wamshtukie. Na rafiki yake wa vitani, Brub, ni polisi anayemsaka muuaji huyo huyo! Wanakaa pamoja, wanakunywa, wanaongea kuhusu hiyo kesi.

Sasa sikia. Kwa stori nyingi za uhalifu za enzi hizo, hatari ni mwanamke mrembo anayempoteza mwanamume. Hughes akapindua meza. Hatari ni mwanamume anayejihurumia, anayeamini dunia ina deni lake. Mauaji yenyewe haonyeshi, kwa hivyo hakuna maiti ya kukodolea macho. Na wanaosoma ishara vizuri ni wanawake wawili: Sylvia, mke wa Brub, na Laurel, mpenzi wa Dix. Brub anaona beste. Sylvia anaona vile huyo beste anaangalia wanawake.

1950 Hollywood ikatoa filamu, Humphrey Bogart akiwa Dix. Ni filamu kali, lakini humo Dix ana hasira tu, muuaji ni mwingine. Yaani kile kitu kigumu zaidi cha kitabu kikaondolewa.

Ndiyo maana nakipigia debe. Januari 2024 watu walijaa barabarani Nairobi kupinga mauaji ya wanawake, na bado mtandaoni mtu anauliza, "Alienda huko kufanya nini?" Hughes hamuulizi marehemu hilo swali hata mara moja. Kurasa zote anamuuliza Dix.

Kitafute. Halafu niambie Sylvia alianza kumshuku wapi, juu mimi nina ukurasa wangu.