Ua la Magenge ya Amboni

Mwalimu wa Kiswahili aliyeko Giteranyi, upande wa Muyinga, akifungua ramani ataona kwamba mpaka wa Tanzania u karibu naye, lakini mji wa Tanga uko mbali mno, ukingoni mwa Bahari ya Hindi. Hata hivyo palikuwa na wakati ambapo mahali hapo pawili palikuwa ndani ya koloni moja, Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na makarani wake. Kwa njia hiyo lugha yetu ilipata makao Gitega, mji ambao Wajerumani waliufanya kituo chao kikuu cha Urundi mwaka 1912. Kwa hiyo habari ya Mjerumani mmoja wa Tanga si ngeni kwetu.

Bwana huyo ni Baroni Walter von Saint Paul-Illaire. Walimu wa lugha yafaa wamkumbuke kwanza kwa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, kilichochapwa Berlin mwaka 1890, ili maofisa wajifunze lugha kabla ya kupanda meli. Lakini ulimwengu haumjui kwa kitabu hicho. Unamjua kwa ua.

Kaskazini ya mji wa Tanga, yapata kilomita nane, mito Mkulumuzi na Sigi imepita katika nchi ya mawe ya chokaa. Mawe hayo yalikuwa matope ya bahari zama za kale sana, zipatazo miaka milioni 150. Maji ya mvua hupata ukali kidogo kutoka hewani na udongoni, nao ukali huo huila chokaa polepole. Ndivyo yalivyopatikana magenge marefu na mapango ya Amboni. Humo pangoni mna chumba cha mzimu, na hata leo watu huja kuweka nadhiri. Nje, katika nyufa za mawe, chini ya kivuli cha miti, humea mmea mfupi wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya zambarau.

Mnamo mwaka 1892 Baroni, akiwa mkuu wa wilaya, aliupeleka mmea huo kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akautangaza kwa wataalamu kwa jina la Saintpaulia ionantha. Wendland aliandika kwamba umeonekana mahali pawili: mwendo wa saa moja kutoka Tanga, katika mawe ya chokaa yasiyoinuka sana juu ya bahari, na katika msitu wa Usambara, juu ya mawe ya matale, kimo cha mita 750 hivi. Aliongeza kwamba ule wa karibu na Tanga ndio uliokuwa mwingi zaidi.

Hapa msomaji na atulie kidogo. Wajerumani waliuita ua hilo kwa jina la Usambara, na Waingereza kwa jina la Afrika nzima. Wote wawili wakalifananisha na ua jingine la Ulaya lisilo la ukoo wake. Magenge ya Tanga, penye mimea mingi, hayakutajwa popote. Mtu hupachika jina kwa kile anachokijua tayari, na sisi walimu twaliona jambo hili kila siku darasani. Tena jina la Baroni nalo halikudumu: mwaka 2015 wataalamu waliuhamishia mmea katika jenasi ya Streptocarpus, na Saintpaulia likabaki jina la tawi tu.

Wakati huo mmea ulikuwa umekwisha kuenea duniani. Wakulima wa maua wa Los Angeles waliuzalisha kwa wingi tangu miaka ya 1920, na leo umo madirishani katika miji isiyohesabika. Kwao una mamilioni. Kwake una nyufa chache. Mapango ya Amboni yaliwekwa chini ya ulinzi zamani za Waingereza, na baada ya uhuru yakawa mikononi mwa Idara ya Mambo ya Kale. Lakini kilicholindwa hapo kwanza ni pango, na ua halikai pangoni. Laishi kwa kivuli. Mti ukikatwa ukingoni kwa ajili ya kuni au shamba, jua huingia, jiwe hukauka, na mmea hufa ingawa hakuna mkono uliougusa. Nayo chokaa ni jiwe lenye soko, maana saruji hutoka humo.

Aendaye Amboni atapewa kiongozi na kurunzi, naye ataonyeshwa popo na mawe yenye maumbo ya ajabu. Akitoka pangoni, na aombe kupelekwa ukingoni mwa mto. Aangalie upande wenye unyevu, usawa wa goti hadi bega, penye kuvu na majani yaliyooza. Maua ya huko ni madogo na membamba kuliko yale ya madukani, na mara nyingi hayazidi machache kwa shina.