Umeinua Land Rover 109 yako? Pima hivi kabla ya kununua shokapu

Springi mpya zimefungwa, gari limenyanyuka, linapendeza. Unapita tuta la kwanza: "gong!" Fundi anakwambia uzoee, gari la zamani ndivyo lilivyo.

Usikubali haraka. Huenda shokapu zako haziendani na urefu mpya wa gari. Ukizipuuza, zitavuja mapema, bushi zitachanika, na mabano yanayoshika shokapu kwenye chesisi yanaweza kupasuka. Hapo unaanza kutafuta fundi wa kuchomelea.

Shokapu inafanya nini hasa?

Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu inaituliza, ili gari lisiendelee kudunda baada ya shimo. Kuzuia ekseli isigonge chesisi si kazi yake. Hiyo ni kazi ya kile kimpira kigumu kilicho kati ya chesisi na ekseli.

Kosa ambalo wengi tunafanya

"Nimeinua gari sentimita 5, nipe shokapu iliyozidi sentimita 5." Inasikika sawa, lakini shokapu iliyo ndefu ikinyooka, mara nyingi huwa ndefu pia ikibonyea. Kimpira bado kipo palepale. Matokeo yake shokapu inafika mwisho kabla ekseli haijagusa kimpira, na kishindo chote kinaishia kwenye shokapu.

Jina la gari kwenye boksi nalo halitoshi. Land Rover Series III zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, na boksi linazungumzia gari lilivyotoka kiwandani, siyo lako lililokwisha kubadilishwa springi.

Vipimo vitatu vya kuchukua

Funga springi kwanza, kisha endesha gari siku chache zikae sawa. Pima kutoka katikati ya boliti ya juu ya shokapu hadi katikati ya boliti ya chini. Pima mbele na nyuma, kushoto na kulia.

1. Gari likiwa limesimama. Liwe sehemu tambarare. Tuseme umepata sentimita 46.

2. Springi ikibonyea hadi mwisho. Pima nafasi iliyopo kati ya kimpira na ekseli, kisha itoe kwenye kipimo cha kwanza. Nafasi ikiwa sentimita 8, unabaki na 38.

3. Ekseli ikining'inia. Nyanyua chesisi kwa jeki, iweke juu ya stendi imara, fungua shokapu ncha ya chini, halafu ishushe ekseli taratibu. Angalia paipu ya breki isivutike. Tuseme umepata 54.

Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Sasa chagua

Kwa mfano wetu, tafuta shokapu ambayo:

- ikibonyea kabisa iko chini ya 38, tuseme 36
- ikinyooka kabisa imezidi 54, tuseme 56

Hizo sentimita 2 kila upande ni nafasi ya usalama, maana bushi hubonyea na ekseli huinama tairi moja linapopanda jiwe. Usinakili namba hizi, pima gari lako.

Hukupata inayokidhi pande zote mbili? Usilazimishe. Fundi anaweza kuongeza urefu wa kimpira au kuhamisha sehemu ya kufungia shokapu, kisha unapima upya.

Kama gari lako limeshushwa badala ya kuinuliwa, vipimo ni hivihivi, ila hatari kubwa iko kwenye kubonyea.

Urefu siyo kila kitu

Mweleze muuzaji springi zako ni ngumu au laini kuliko za mwanzo, na unabeba mzigo kiasi gani. Shokapu dhaifu kwenye springi ngumu itaacha gari lidunde. Iliyo ngumu kupita kiasi itakutikisa, na tairi linaweza kukosa kushika barabara vizuri kwenye makorogesheni. Hakikisha pia matundu ya kufungia yanalingana, na nunua mbili mbili kwa ekseli moja.

Tayari umefunga? Jaribu hii

Paka grisi kidogo kwenye kimpira, kisha pita polepole kwenye barabara mbovu. Ukisikia kishindo na ukakuta grisi imehamia kwenye ekseli, kimpira kimefanya kazi yake. Ukisikia kishindo na grisi haijaguswa, anza kuishuku shokapu, huenda ni ndefu mno.

Kwa hiyo ukienda dukani, usiseme tu "nipe za 109." Nenda na karatasi yenye vipimo vyako, na kabla ya kulipa omba upime shokapu ikiwa imebonyea na ikiwa imenyooka.