Kabla ya Kukata Bampa, Jua Hewa Inapita Wapi

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia kila nikipita mitaa yetu, tangu Majengo hadi Kongowea, nikaona jinsi magari yanavyobadilishwa nyuso. Bampa ya kiwandani inatolewa, inawekwa nyingine yenye mdomo mpana, wavu mweusi, taa kubwa za duara na mdomo wa chini unaokaribia kugusa lami. Ukimuuliza mwenyewe, atakupa sababu mbili: gari linapendeza, na injini inapata hewa.

Sababu ya kwanza sina ugomvi nayo. Mtu na gari lake, na kupenda kizuri si dhambi. Ya pili ndiyo inayotaka mazungumzo, kwa sababu mengi ya magari haya si ya kuchezea. Ni teksi, ni ya kupeleka watoto shule, ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba. Injini ikichemka mpaka silinda hedi ikapinda, familia nzima inakaa chini. Kwa hivyo nimekusanya hapa mambo ambayo mwenye gari anafaa kuyajua kabla fundi hajashika msumeno.

Kilichoko nyuma ya bampa

Ile bampa tunayoiona ni ganda la plastiki tu. Nyuma yake kuna sponji ngumu au plastiki ya kupunguza kishindo, kisha chuma cha kulala kilichofungwa kwenye fremu ya gari. Baada ya hapo huja kondensa ya ac, halafu rejeta, na nyuma ya rejeta feni. Hewa huingia mbele, hupita katikati ya vitu hivi, hubeba joto na kutokea chini ya injini.

Kumbuka neno hilo "kutokea". Hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Ile plastiki ya chini ya injini, ambayo mafundi wengi huitoa wakibadilisha oili na kuisahau gereji, katika magari mengi husaidia kuvuta hewa itoke. Kuna gari linaloanza kupanda joto barabara kuu kwa sababu ya plastiki hiyo, na mwenyewe analaumu bampa.

Linachemka wapi na lini?

Hili ndilo swali la kwanza. Kama joto hupanda ukiwa umesimama kwenye foleni ya feri ya Likoni au msongamano wa Changamwe, lakini hushuka ukikimbia, tatizo haliko kwenye bampa. Gari likisimama hakuna upepo wa mwendo, kazi yote ni ya feni. Angalia feni, relei, fyuzi na sensa. Jaribio rahisi: injini ikiwa na moto na ac imewashwa, weka karatasi nyepesi mbele ya kondensa. Feni ikivuta vizuri, karatasi itanata. Ikianguka, umeshapata pa kuanzia.

Kama joto hupanda ukikimbia au ukipanda mlima wa Mazeras na mzigo, basi shuku hewa au maji: rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, themostati iliyokwama, au kweli njia ya hewa kuwa finyu. Na kama linachemka kila mahali na maji yanapungua, tafuta panapovuja au gasketi iliyoungua. Hapo hakuna bampa ya kukuokoa.

Mshale wa kwenye dashibodi usiuamini peke yake. Magari mengi ya kisasa huuweka katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, kisha huruka juu mambo yakiwa yameshaharibika. Kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kinachounganishwa na simu, huonyesha nyuzi halisi. Pima kabla ya kazi, kisha upime tena baada yake, barabara ileile, saa ileile, ac ikiwaka. Usipopima, utakuwa unakisia tu.

Mdomo mkubwa si hewa nyingi

Hewa ni kama maji, hufuata njia rahisi. Ukikata mdomo mkubwa kwenye bampa lakini ukaacha mianya kandokando ya rejeta, hewa itaingia na kupita pembeni bila kugusa rejeta. Kinachosaidia ni kuziba mianya hiyo kwa mpira au sponji isiyoogopa joto, ili kila hewa inayoingia ilazimike kupita katikati ya rejeta. Kazi hii gharama yake ni ndogo, na mara nyingi inashinda bampa mpya.

Wavu nao una hesabu yake. Chukua wavu wenye matundu ya milimita 10 na kuta za milimita 2. Nafasi iliyo wazi ni takriban asilimia 70 tu, kwa hivyo karibu theluthi moja ya mdomo wako imezibwa. Ukiongeza taa mbili kubwa na bamba la nambari katikati, umekata tundu kwa mkono mmoja na kuliziba kwa mwingine.

Ndugu zetu wa Subaru wana jambo lao. Lile tundu la juu ya boneti kwenye Impreza na Forester za turbo halipozi rejeta, hupeleka hewa kwenye intakula iliyolala juu ya injini. Kubandika tundu kama hilo kwenye gari lisilo na turbo ni pambo. Hakuna ubaya, alimradi usilitegemee.

Chuma kisichoguswa

Kile chuma cha kulala nyuma ya ganda ndicho kinachobeba kishindo gari likigonga. Usikubali kikatwe ili mdomo uwe mpana, wala ile sponji isitupwe. Sensa za mifuko ya hewa nazo katika magari mengi ziko sehemu za mbele, na jinsi gari linavyobonyea ndiyo ishara yake. Baadhi ya magari yanayoingia sasa kutoka Japani yana rada ya breki ya dharura upande wa mbele, mengine nyuma ya nembo. Ukifunika rada kwa wavu wa chuma au rangi nene, umeipofusha.

Na yale mabomba ya chuma yanayofungwa mbele ya bampa? Hayaleti hewa, na yakimgonga mpita njia humuumiza zaidi kuliko plastiki. Umoja wa Ulaya uliyawekea masharti tangu mwaka 2005 kwa sababu hiyohiyo. Sisi watoto wetu huvuka barabara kila jioni.

Kazi yenyewe

Tazama ndani ya bampa. Mara nyingi utakuta herufi PP, aina ya plastiki. Ikipasuka huungwa kwa joto na plastiki ya aina hiyohiyo, si gundi yoyote ya dukani, na rangi yake hutaka praima maalumu ama itabambuka. Bampa ya faibaglasi ni rahisi kuchongwa, lakini ikigongwa hupasuka vipande vyenye ncha, na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Fundi avae barakoa. Mdomo wa chini nao upimwe kwa matuta yetu, si kwa picha ya gari la Tokyo.

Chumvi na mwinuko

Pwani tuna maadui wetu. Upepo wa bahari hula mapezi ya rejeta na kondensa mpaka yakabomoka ukiyagusa. Mdomo ulio wazi huongeza mchanga na mawe, kwa hivyo osha kwa maji baridi, polepole, usielekeze mashine ya nguvu karibu. Ndani ya rejeta usitie maji ya kisima yenye chumvi. Tumia kulanti na maji safi yaliyochujwa madini. Wala usikubali themostati itolewe moja kwa moja eti injini ipoe.

Kifuniko cha rejeta nacho kikaguliwe. Hapa usawa wa bahari maji huchemka nyuzi 100. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, huchemka karibu nyuzi 95. Shinikizo la kifuniko ndilo linalosukuma kiwango hicho juu. Kifuniko kilicholegea kinaweza kukustahimili Mombasa, kikakuaibisha safarini. Na kamwe usikifungue injini ikiwa na moto.

Sheria na bima

Sheria ya Trafiki inataka bamba la nambari lionekane wazi mbele na nyuma. Bampa mpya isilifiche wala kulilaza. Taa za ziada zisimpofushe anayekuja. Kisha iarifu bima yako kwa maandishi kuhusu mabadiliko, kwa sababu siku ya ajali si siku ya kuanza kujieleza.

Ushauri wangu kwa vijana wetu ni huu. Anza na feni, rejeta, kifuniko na plastiki ya chini. Ziba mianya. Pima joto. Vyote hivyo vikiwa sawa, sasa nenda kwa fundi wa bampa na uchague umbo unalolipenda, huku chuma cha ndani kikibaki mahali pake. Gari litapendeza, na kesho litakwenda kazini.