Mashamba ya Askari na Jina la Kariakoo

Jina la Kariakoo, lijulikanalo na kila mkazi wa Nairobi na Dar es Salaam, lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliowachukulia mizigo Waingereza katika vita ya 1914–1918. Wapagazi waliokufa, kwa hesabu za Serikali yenyewe, walizidi 40,000, na mishahara ya wengi wao ilibaki hazinani bila ya kuwafikia jamaa zao. Waliorudi hawakupewa shamba.

Mashamba yalikuwapo. Katika mwaka wa 1919, Gavana Edward Northey alipokuwa akitawala, Serikali ilitoa mashamba yapatayo 1,300, yenye jumla ya ekari zaidi ya milioni mbili, kwa askari waliotoka vitani. Lakini sharti lilikuwa kwamba mwombaji awe wa asili ya Kizungu. Kura ilipigwa mwezi wa Juni katika Theatre Royal ya Nairobi, na nyingine London. Mashamba madogo yalitolewa bure, na makubwa yalilipiwa kwa miaka 30. Shukrani kwa askari haikuwa sababu pekee. Serikali ilitaka pia idadi ya walowezi iongezeke.

Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wanandi walikatwa kiasi cha maili mraba 100 katika eneo walilokwisha kutengewa baada ya kushindwa vitani mwaka 1906. Mwaka 1923, walipojiandaa kwa sherehe ya saget ab eito, ambayo kwayo rika moja hukabidhi madaraka kwa rika jingine, Serikali ilihofia uasi, ikaipiga marufuku na kuwakamata viongozi wao.

Tena shamba pasipo mikono ni pori. Waraka wa Northey wa Oktoba 1919 uliwataka maofisa wawahimize machifu kutoa vibarua, na mwaka uliofuata kipande kikaanza kutumika. Neno hilo, ambalo asili yake ni sehemu ya kitu tu, likawa jina la cheti kilichotiwa katika kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni mwa mwanamume.

Hata hivyo walowezi hawakustawi. Mwaka 1920 thamani ya rupia ilipandishwa kutoka shilingi moja na peni nne hadi shilingi mbili za Kiingereza, na madeni yao ya rupia yakakua kwa nusu yakipimwa kwa pauni. Kisha bei ya mazao ikaanguka. Mzigo huo waliushusha kwa vibarua: mwaka 1921 waliazimia kupunguza mishahara kwa theluthi moja, na hilo ndilo lililompa Harry Thuku wafuasi wengi. Alipokamatwa, umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi, na tarehe 16 Machi 1922 watu wakapigwa risasi.

Huko Kericho, maofisa waliolemazwa na vita walikuwa wamepewa ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis ili walime kitani. Kitani kilipokosa bei, shirika lao likavunjika. Ardhi haikurudishwa kwa Wakipsigis. Katikati ya miaka ya 1920 iliingia mikononi mwa makampuni ya chai.