Land Rover au Pijo: Lipi lafaa vilima vya Kenyenya?

Katika vilima vya Kenyenya, Kaunti ya Kisii, ubora wa gari haupimwi kwa kasi pekee. Hupimwa pia mvua inaponyesha na udongo kuwa utelezi, huku mkulima akihitaji kufikisha majani chai kituoni au ndizi sokoni kabla hazijaharibika.

Kwa mizani hiyo, magari mawili ya zamani yanastahili kulinganishwa: Land Rover Series III na Peugeot 504, ambalo Wakenya wengi hulijua kwa jina la Pijo.

Land Rover hilo liliundwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Nalo 504 lilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata likatawazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Yote mawili yaliwahi pia kuunganishwa humu nchini, Land Rover mjini Thika na Peugeot mjini Mombasa.

Kwenye lami, Pijo halina mpinzani hapa. Injini yake ya petroli ya lita mbili hutoa zaidi ya nguvu za farasi 90, ilhali ile ya Land Rover ya lita 2.25 hutoa takriban 70 tu na hunywa mafuta mengi. Springi zake laini humpunguzia abiria mitikisiko, na lile la safu tatu za viti liliwahudumia wasafiri wa masafa marefu kwa miaka mingi kabla ya matatu aina ya Nissan kulisukuma kando.

Uimara wake ulidhihirika katika mbio za Safari Rally. Ove Andersson alishinda akiendesha 504 mwaka wa 1975, naye Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 la milango miwili mwaka wa 1978. Ni kweli kwamba gari la mashindano, lenye kikosi cha mafundi nyuma yake, si lile la kubeba kuku na magunia.

Lakini lami inapokwisha na mteremko wa matope kuanza, hesabu hubadilika. Pijo husukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Yakianza kuzunguka bure, dereva hutafuta watu wa kusukuma. Land Rover huweza kutumia nguvu ya magurudumu yote manne, tena lina gia za ziada za mwendo wa chini zinazoliwezesha kupanda polepole likiwa na mzigo, na kushuka bila kutegemea breki tupu. Hilo si jambo dogo, kwani breki zake zote ni za ngoma na hulegea zikilowa maji. Pijo lina breki za diski mbele.

Kwa hivyo, anayeishi kando ya lami na kusafirisha jamaa atafaidika zaidi na Pijo. Mwenye shamba bondeni hana budi kuvumilia gharama ya mafuta ya Land Rover.

Anayetaka kununua mojawapo leo asidanganywe na rangi mpya. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini isiyoshika kutu ya chuma, lakini fremu iliyo chini yake ni ya chuma na huoza kimyakimya. Pijo halina fremu ya kando. Sakafu na kingo zake ndizo uti wa mgongo. Fundi aingie uvunguni na kugonga vyuma hivyo kwa nyundo ndogo kabla bei haijatajwa.