Teke la juu

Teke la juu ni pigo la mguu linalolenga kichwa au shingo ya mpinzani katika michezo kama karate, muay thai na mapigano mseto. Kwa kuwa humwacha mpigaji amesimama kwa mguu mmoja, likirushwa bila maandalizi hukingwa au mguu hudakwa, na ndiyo maana wajuzi hulificha nyuma ya ngumi au mateke ya chini yanayomfanya mpinzani ashushe mikono. Mfano bora, pengine kuliko yote, ni wa tarehe 20 Agosti 2022 mjini Salt Lake City, ambapo mpiganaji Leon Edwards, akiwa nyuma kwa pointi katika raundi ya tano, alimhadaa mpinzani wake Kamaru Usman kwa ngumi, kisha akamwangusha kwa teke la kushoto na kutwaa ubingwa wa uzani wa welta wa UFC, shirika la mapigano mseto.