Kurudi kwa Amiri: Januari 1964 Itazamwapo Kutoka Ivuna

Katika bonde la Rukwa, kusini mwa ziwa, zipo chemchemi za maji ya chumvi ambazo kwa sababu yake Ivuna imejulikana tangu zamani, kabla mpaka wa Tunduma haujachorwa na kabla hapajakuwa na mkoa uitwao Songwe. Wataalamu Brian Fagan na John Yellen walipopachimba katika miaka ya 1960 walikuta matabaka ya udongo, majivu na vigae yaliyolaliana. Wachumvi wa karne ya 13 hadi ya 15 walikuwa wakija majira ya kiangazi, wakakwangua udongo wenye chumvi, wakautia katika vyungu vilivyotobolewa, wakaumiminia maji, wakayakinga yaliyochuruzika na kuyachemsha hata yakakauka. Kisha wakaondoka, na kiangazi cha pili wakarudi. Kila aliyerudi aliwasha moto wake juu ya majivu ya moto uliotangulia, wala hakuyafagia kwanza.

Natanguliza habari hii kwa kuwa kadhia ninayotaka kuijadili ni ya kurudi, na kwa kuwa naitazama kutoka hapa, mahali ambapo mwaka 1964 hapakuwa na askari hata mmoja wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati ule. Waandishi wengi walioyasimulia maasi ya Januari mwaka ule waliyatazama kutoka Dar es Salaam, wakamwona Rais aliyepoteza madaraka yake akayapata tena kwa msaada wa wageni. Rai yangu ni kwamba masimulizi hayo yamekosea mahali palipovunjika, na kwa hiyo yamekosea pia mahali palipoungwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari askari wa kikosi cha kwanza, waliokuwa katika kambi ya Colito ambayo sasa ndiyo Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini, wakadai mishahara iongezwe na wakubwa wa Kiafrika wawekwe mahali pa Wazungu. Hayakuwa madai ya kipuuzi. Nchi ilikuwa huru tangu Desemba 1961, ilhali jeshi lake lilikuwa bado likiamriwa na wale wale walioliamuru zamani. Rais, Mwalimu Julius Nyerere, na Makamu wake Rashidi Kawawa waliondolewa Ikulu kwa siri wakafichwa, na Oscar Kambona, waziri aliyehusika na ulinzi, ndiye aliyekwenda kuwakabili waasi na kujadiliana nao chini ya mitutu ya bunduki. Maduka yaliporwa, watu wakauawa. Siku ya pili kikosi cha Tabora nacho kikaasi, na Nachingwea ikafuata.

Hebu msomaji aiangalie ramani. Dar es Salaam, Tabora, Nachingwea: amri ya Serikali ilianguka pale penye kambi, na pale tu. Bonde la Rukwa, nyanda za Wanyamwanga huko Tunduma, Unyiha na sehemu nyingine zote zisizokuwa na kambi hazikuasi. Mtu aweza kujibu kwamba hazikuwa na cha kuasi nacho, na jibu hilo si bure. Walakini bunduki si kitu pekee kiwezacho kuivunja serikali, na nchi pana namna ile, ambayo kwa siku mbili haikujua rais wake yu wapi, ingaliweza kuvunjika kwa njia kadha wa kadha. Haikuvunjika, kwa sababu huku mashambani amri haikuwa imejengwa juu ya jeshi tangu mwanzo, bali juu ya chama cha TANU, yaani juu ya ridhaa za watu ambao wengi wao hawakupata kumwona Nyerere ana kwa ana. Kwa hiyo mtu aliyetoka mafichoni hakurudi kuichukua nchi, maana nchi haikuwa imemtoka. Alirudi na jeraha, na swali lililomkabili lilikuwa la namna ya kulichukua.

Hii haikuwa mara yake ya kwanza kuacha amri na kuirudia. Januari 1962 alijiuzulu Uwaziri Mkuu akamwachia Kawawa ili apate nafasi ya kukijenga chama, na Desemba mwaka huo akarudi akiwa Rais wa Jamhuri. Lakini kuondoka kwa hiari ni safari, na kuondolewa usiku kwa kuhofia askari uliowalisha ni madhila. Jioni ya tarehe 21 alisema na wananchi kwa redio. Naomba tuitue hoja hapa kidogo, kwani ndipo ilipo siri ya kurudi kwake. Kiongozi aliyefedheheshwa aghalabu hufanya moja katika mambo mawili: hukana kwamba jambo limetokea, au hutafuta wa kumwadhibu upesi ili macho ya watu yamwondokee. Nyerere alilitaja jambo kwa jina lake. Alisema kuwa taifa limepatwa na fedheha, na akatumaini kwamba fedheha ya namna hiyo haitarudia tena. Kesho yake akazunguka katika mitaa ya mji ili watu wamwone. Tarehe 24 alifanya lililo zito zaidi kuliko yote: aliomba kwa maandishi msaada wa majeshi ya Uingereza, yaani alikwenda kugonga mlango wa nyumba aliyoihama miaka miwili tu iliyopita. Alfajiri ya tarehe 25 makomando walitua Colito kwa helikopta kutoka manowari Centaur, na baada ya muda mfupi maasi yakawa yamekwisha.

Wapo waliolificha jambo hilo kwa niaba yake, na wema wao haukumsaidia, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Aliwaita mawaziri wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakutana Dar es Salaam tarehe 12 Februari, akawaeleza bayana kwamba kuwako kwa askari wa Kiingereza katika ardhi yake ni aibu, na akaomba askari wa Kiafrika washike mahali pao mpaka apate jeshi jipya. Wanaijeria wakaja. Sijui katika historia ya siasa za Afrika Mashariki mfano mwingine wa mkuu wa dola kuiweka izara yake mezani mbele ya mawaziri wa nchi nyingine, tena upesi namna hiyo.

Tofauti yaonekana tukitazama Uganda. Tarehe 23 Januari askari wa Jinja nao waliasi, wakamzuia Felix Onama, waziri wa serikali yao. Milton Obote, Waziri Mkuu wao, naye aliwaita Waingereza, lakini mishahara waliyoidai askari akawapa, na jeshi lile lile akalibakiza. Funzo walilolipata askari lilikuwa kwamba bunduki hulipa. Tarehe 19 Desemba 1969 alipigwa risasi pale Lugogo akajeruhiwa kinywani, akapona, akarudi katika amri yake akiwa mtu wa kushuku walio karibu naye, na si bila sababu. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba kamili tangu makomando watue Colito, Idi Amin, wa jeshi lile lile, alimpindua.

Nyerere alilivunja jeshi lote. Askari walirudishwa makwao, vijana wakaitwa kujiandikisha kwa njia ya chama, na Mirisho Sarakikya, ofisa kijana aliyekuwa Tabora wakati wa maasi, akapandishwa na kupewa ukuu wa majeshi. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi. Waasi walioshitakiwa walihukumiwa na mahakama ya kijeshi, wakapewa vifungo ambavyo wengi waliviona vyepesi, na vikaachwa vivyo hivyo. Mtu aliyekuwa mafichoni akiisikiliza milio ya risasi, kisha akaiacha hukumu ya sheria isimame ilhali nafsi yake ingetamani iliyo kali zaidi, huyo ameirudia amri kwa maana yake kamili. Na jeshi hilo ndilo lililokuwa mlinzi wa nchi baada ya Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, na mafuta ya Zambia yakawa yakipita kwa malori katika barabara yetu hii ya Tunduma, iliyokuwa wakati ule ya vumbi na tope.

Laiti ningeliweza kuikomesha makala hapa. Lakini mwandishi anayempenda Mwalimu, nami ni mmoja wao, ana wajibu wa kusema na lililobaki. Katika siku hizo hizo za Januari viongozi wa vyama vya wafanyakazi wapatao mia mbili walikamatwa, kwa tuhuma kwamba walikuwa wakishauriana na waasi, na sheria ya kuwazuia watu bila mashitaka ilikuwa tayari tangu 1962. Shirikisho lao likavunjwa mwezi wa Februari, pakaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi ambacho katibu wake mkuu aliteuliwa na Rais, na wa kwanza kuteuliwa alikuwa Michael Kamaliza, Waziri wa Kazi mwenyewe. Mwaka uliofuata nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Mpango wa chama kimoja ulikuwa umekwisha kuwazwa kabla ya maasi, na sipendi kuyatwika maasi mzigo usio wao. Lakini vyama vya wafanyakazi vilizimwa kwa haraka ya mtu aliyeshtuka. Jeshi lililoshika silaha lilivunjwa kwa utaratibu, likahukumiwa kwa mahakama. Wafanyakazi ambao hawakushika silaha walifungwa bila mahakama.

Twaweza kumtetea kwamba hatari ilikuwa karibu, kwamba Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa na siku nane tu maasi yalipoanza, na kwamba sehemu ya polisi wake ilikuwa imepelekwa huko. Yote ni kweli. Hata hivyo, kipimo alichotufundisha yeye mwenyewe jioni ile ya redio ni kuitaja fedheha kwa jina, na hao mia mbili hawakutajiwa fedheha yao. Wengi waliachiliwa baadaye, mmoja mmoja, wakarudi makwao, wala redio haikutangaza kurudi kwao.